Choo cha Makhanu na Somo la Uraia

Makhanu alikuwa juu ya paa la banda la ng'ombe akigongomea bati pale binti yake Gentrix alipomwambia kwamba amechagua Sayansi ya Jamii. Nyundo ikamwangukia kidole gumba. Hata baadaye alishikilia kwamba kidole kile kiliumizwa na habari, nyundo ilipita tu.

"Sayansi ya nini?" aliuliza kutoka juu.

"Ya Jamii, Baba. Historia na Uraia, Jiografia, na Masomo ya Biashara. Ndio mkondo wangu wa Gredi ya Kumi."

"Mkondo! Mkondo ni wa maji. Na maji yakifuata mkondo yanaishianga wapi? Yanaishia bwawani na vyura!"

Makhanu alikuwa mkulima wa miwa huko Musanda, jitu la mtu, kifua kama pipa, na sauti yake ilijulikana hadi ng'ambo ya kijito. Akinong'ona matangani, watu wa boma la pili waliitikia "Amina." Kwa sauti hiyo hiyo alikuwa ametangaza kanisani, tena zaidi ya mara moja, kwamba Gentrix atakuwa daktari. Alikuwa hata ameanza kupokea wagonjwa. Bikizee mmoja mwenye goti bovu aliambiwa avumilie miaka michache tu, daktari yuko njiani. Sasa daktari mwenyewe alikuwa amesimama chini ya ngazi, mkoba wa shule mgongoni, akisema habari za Uraia.

"Baba Gentrix," mkewe Pascalia alimwita kutoka jikoni, "mtoto ndiye anasomanga, si wewe. Shuka unywe chai."

Alishuka akanywa chai, lakini haikumtuliza. Jumanne asubuhi alivaa koti lake la mazishi, kwa kuwa ndilo alilokuwa nalo la heshima, akaenda shuleni kumrudisha binti yake kwenye sayansi yenye dawa na sindano.

Shule yenyewe ilikuwa ya kutwa, nyuma ya soko. Mwalimu mkuu, mtu mpole aliyechoshwa na wazazi wa Gredi ya Kumi, alimwambia kwamba mambo ya mkondo huo yako mikononi mwa Madam Hasina, mkuu wa idara, na Madam Hasina yuko darasani. Akipenda anaweza kumsubiri humo humo, nyuma, bora asifanye fujo.

"Fujo?" alisema Makhanu. Karani wa ofisi ya jirani akaangusha kikombe.

Madam Hasina alikuwa mwanamke mfupi kutoka Mumias, mwenye mtandio wa samawati na mwavuli mbovu alioutumia kuonyesha mambo ubaoni. Alimkaribisha mgeni kwa salamu ndefu ya kwao, akauliza hali ya nyumbani, ya miwa na ya mvua, kisha akamwonyesha dawati la mwisho. Makhanu aliketi. Magoti yake yalibaki juu, moja huku, jingine kule, kama panzi. Mbele kabisa aliiona shingo ya Gentrix, na kwa namna ilivyoinama alijua kwamba binti yake amemwona.

Somo la siku hiyo lilihusu njia za kuijua historia. Madam Hasina aliuliza, "Mtu akikusimulia jambo la kale, utajuaje kama ni la kweli?" Wanafunzi wakajibu hivi na vile. Kisha mwavuli ukanyoshwa hadi nyuma ya darasa.

"Na mgeni wetu, wewe unaonaje?"

Makhanu alitazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu, palikuwa na ukuta. Basi ni yeye aliyeulizwa. Maishani mwake mote watu walikuwa wakimwambia. Waliopima miwa walimwambia, mchungaji alimwambia, na Pascalia alimwambia asubuhi na jioni. Lakini unaonaje? Hilo hakulikumbuka kulisikia. Alisimama, na dawati likasimama naye.

"Mimi naona historia inajulikananga kwa watu wenyewe," alisema. "Kwa mfano babu yangu. Babu yangu ndiye alileta baisikeli ya kwanza hapa Musanda. Kabla ya wazungu kufika."

Mkono uliinuka dirishani. Ulikuwa wa msichana mdogo mwenye miwani mikubwa aliyeitwa Mitchel.

"Aliitoa wapi?"

"Alinunua."

"Kwa nani, ikiwa wazungu walikuwa hawajafika?"

Makhanu alifikiri. "Kwa mtu aliyekuwa anapita."

"Ushahidi wako ni upi, mzee?"

Darasa lilicheka hadi vumbi likadondoka darini. Gentrix alilaza paji la uso juu ya dawati na kubaki hivyo. Kengele ilipolia, Makhanu alitoka nje akizungumza peke yake, na alikuwa amekaribia nyumbani alipokumbuka kwamba hakulitaja kabisa suala la kubadilisha mkondo. Hakurudi. Kilichomkera wakati huo kilikuwa ile baisikeli.

Alhamisi alifika tena, na kitu kikubwa kilichofungwa kwa taulo. Alisubiri nafasi yake, akainua mkono kama walivyofanya wengine, akakifungua mbele ya darasa zima. Kilikuwa kiti cha baisikeli, kimeliwa na kutu, springi moja inaning'inia.

"Ushahidi!" alisema.

Mitchel alikipokea kwa mikono miwili, akakipindua, akapangusa kutu kwa ncha ya kidole. "Hapa chini pamepigwa mhuri wa kiwanda. Elfu moja mia tisa sabini na nne." Aliinua miwani. "Babu alifariki lini, mzee?"

"Sabini na moja," alisema Makhanu, kabla hajaona alikokuwa anapelekwa.

"Basi huu tutauita ushahidi wa jambo lingine," alisema Madam Hasina kwa upole, na kukiweka kiti hicho juu ya kabati, ambako kilikaa muhula mzima.

Mtu mwingine angeaibika akabaki nyumbani na miwa yake. Makhanu alikuwa amenaswa. Kila kipindi cha Historia na Uraia kilimkuta kwenye dawati la mwisho, koti la mazishi limepigwa pasi. Mwalimu mkuu alipouliza kwa nini mzazi anasoma Gredi ya Kumi, Madam Hasina alijibu kwamba huyo ni mgeni mwalikwa, mtaala unaruhusu, na tangu aje hakuna mwanafunzi anayesinzia. Alimpa masharti matatu tu: asizungumze bila kuinua mkono, asiwanong'oneze wanafunzi majibu, kwa kuwa mnong'ono wake ulisikika hadi maabara, na asiwatume watoto wa watu maji ya kunywa.

"Baba, tafadhali," Gentrix alimsihi siku moja wakirudi nyumbani. "Wenzangu wananiita Mjukuu wa Baisikeli."

"Hilo ni jina la heshima."

"Si heshima, Baba."

"Ushahidi?" alisema Makhanu, akacheka peke yake hadi njia panda.

Mambo ya darasani yaliingia nyumbani. Jioni moja alipoamua kuuza jogoo mwekundu, alikumbuka kwamba uongozi bora hauamui jambo bila kuushirikisha umma. Akawaita mkewe na watoto wote, akakohoa, akaeleza hoja yake, akawakaribisha watoe maoni. Pascalia alitoa maoni kwamba jogoo ni wake, alimlea yeye tangu yai. Wakapiga kura. Watu wote walimpigia jogoo isipokuwa Makhanu.

"Nitakata rufaa," alisema.

"Mahakama ya rufaa iko jikoni," alisema Pascalia, "na hakimu anasonga obusuma, ugali wako. Ukitaka kula, ondoa kesi."

Akaiondoa. Lakini moyoni alifurahi. Hata kushindwa kwa kura kulikuwa na utamu wake. Ukishindwa namna hiyo, angalau ulihesabiwa.

Katikati ya muhula Madam Hasina alilitaka darasa litafute tatizo moja la jamii na kulifanyia utafiti. Makhanu aliinua mikono yote miwili. Tatizo analo! Njia ya kutoka barabara kubwa kuingia kwao imekuwa nyembamba kama utumbo wa kuku. Trekta la kubeba miwa haliwezi kupita. Watu hukata miwa, kisha huibeba kichwani hadi nje kama siafu. Na sababu anaijua: wanyakuzi! Watu wamepanda vitu barabarani. Hakutaka kutaja majina, lakini yuko jirani mmoja anayeitwa Wekesa ambaye migomba yake ilikuwa imeinamia njia ikitafuta ubaya.

Basi Jumamosi darasa zima lilishuka Musanda, na kofia, na chupa za maji, na kamba ndefu, na tepu ya kupimia. Kwa siku kadhaa kabla ya hapo Makhanu alikuwa amezunguka boma kwa boma akitangaza ujio wao. "Watoto wanakuja na sayansi," alisema. "Sayansi ya Jamii. Mnyakuzi ajiandae." Kwa Wekesa alipita mara mbili, endapo hakusikia.

Wekesa alikuwa mtu mwembamba, mtaratibu, ambaye akisema neno moja leo, la pili ulilingojea kesho. Aliketi kwenye kigoda mlangoni pake akawatazama watoto wakifukua mawe ya zamani ya mpaka wa barabara. Walilipata la kwanza karibu na barabara kubwa, la pili mtaroni, la tatu chini ya kichaka. Gentrix alishika ncha ya kamba, Mitchel ncha nyingine, nao wakaivuta kutoka jiwe hadi jiwe.

Kamba ilifika kwenye migomba ya Wekesa. Watu walisogea karibu. Ilipita kando, karibu kabisa, bila kugusa hata jani moja. Migomba yote ilikuwa ndani ya shamba la mwenyewe, ilichofanya ni kuinama tu kwa uzito wa ndizi.

"Mmevuta vibaya," alisema Makhanu.

Walirudia. Kamba ikapita pale pale.

Kisha wakaendelea mbele, jiwe lililofuata likaonekana ng'ambo ya kona, Mitchel akatangulia na ncha yake, na kamba ikakataa kunyooka. Kulikuwa na kitu kimekingama mbele yake. Watu wote walipindisha shingo kutazama. Kilikuwa choo cha Makhanu, cha udongo na paa la bati, kimesimama katikati ya barabara ya umma kama askari wa trafiki.

Kuku mmoja alilia, akanyamaza. Ndipo Wekesa akainuka kwenye kigoda, akajinyosha, akasema neno lake la siku hiyo.

"Lo."

Kusema kweli Makhanu hakuwahi kujua. Choo kilichimbwa na marehemu baba yake wakati barabara yote ilikuwa nyasi, na yeye alikuta kiko hapo kama alivyokuta kilima na kijito. Alimtazama Gentrix apate msaada. Gentrix alikuwa amepiga magoti akisoma tepu, na alipoinua uso ulikuwa mkavu kabisa, uso wa mtu aliye kazini.

"Chote kiko ndani ya barabara, Baba," alisema taratibu. "Hata ngazi yake."

Ikaamuliwa kwamba Jumamosi iliyofuata wanafunzi watawasilisha matokeo ya utafiti wao mbele ya wenyeji, papo hapo njiani, na naibu wa chifu, Bwana Athman, atakuwepo. Darasa lilimchagua Gentrix awe msemaji. Wiki nzima Makhanu hakwenda shuleni. Alikula kimya, na ukimya wake ulikuwa mzito hivi kwamba mbwa alihamia kwa jirani.

Siku ya baraza watu walifika na vigoda vyao mapema, maana habari za choo husafiri haraka kuliko za kifo. Bwana Athman alifungua mkutano. Madam Hasina alisimama na mwavuli wake. Gentrix alisogea mbele. Lakini Makhanu mwenyewe hakuonekana popote.

"Mwenye choo yuko wapi?" aliuliza Bwana Athman.

"Niko hapa!" ilijibu sauti. Watu waligeuka kulia, wakageuka kushoto. "Humu ndani! Nimejifungia! Kifungu cha thelathini na saba! Kila mtu ana haki ya kuandamana kwa amani bila silaha!"

"Unaandamana chooni?" aliuliza Bwana Athman.

"Naandamana nikiwa nimeketi!"

Naibu wa chifu alimgeukia Madam Hasina kama mtu anayetafuta ushauri wa mtaalamu. Madam Hasina aliwageukia wanafunzi. "Andikeni," alisema, "huu ni mfano hai." Kalamu zikaanza kukwaruza.

"Mmeandika?" sauti iliuliza kupitia kidirisha cha hewa. "Makhanu ni kwa k na h!"

Mkutano haukuwa na la kufanya ila kuendelea na choo kikiwa mmoja wa wasemaji. Makhanu alieleza kwamba jengo hilo ni turathi, limejengwa na marehemu baba yake kwa mikono yake, na historia haibomolewi. Mitchel aliuliza ushahidi wa kwamba ni jengo la kale. "Ingia ndani ujionee," alijibu Makhanu. Hakuna aliyejitolea. Mama mmoja aliomba nafasi, akasema kwamba siku moja akitoka sokoni choo hicho kilimwokoa, na yeye hataki kisemwe vibaya, ila na trekta nalo lipite. Watu walimpigia makofi kwa kuwa alisema kwa ajili ya pande zote.

Jua lilipanda. Bati likaanza kulia kwa joto. Pascalia aliita kwamba chai imeiva. Jibu lilikuwa kwamba wapigania haki hawanywi chai. Bwana Athman alitishia kuahirisha mkutano. Jibu lilikuwa kwamba na aahirishe, choo kitakuwepo. Ndipo Gentrix, aliyekuwa amesimama kimya muda wote huo na vidole vyake vimeshika ncha ya kamba, akaenda alipoketi Wekesa, akainama, akamnong'oneza sikioni. Wekesa alifikiri sana. Akasimama, akavua kofia.

"Mimi nataka kusema juu ya Katiba," alisema kwa sauti ya kusikika.

Chooni, sikio lilisogea kwenye kidirisha cha hewa.

"Hii Katiba yetu," Wekesa aliendelea, neno moja baada ya jingine, "ilipitishwa mwaka wa sitini na tatu."

Ndani ya choo mtu alikohoa.

"Na ndani yake kumeandikwa kwamba kaunti ziko hamsini na mbili."

Kuta za udongo zilitikisika kidogo.

"Na gavana," alisema Wekesa, ambaye sasa alianza kuonja utamu wa mambo, "huteuliwa na mchungaji."

Komeo liliruka. Mlango ulifunguka kwa kishindo, na Makhanu akatoka kama fahali, jasho linamtiririka, kidole kikiwa hewani. "Elfu mbili na kumi!" alinguruma. "Mwezi wa nane! Kwa kura ya maamuzi! Na kaunti ni arobaini na saba, arobaini na saba, Wekesa, hata mtoto wa chekechea anajua! Na gavana huchaguliwa na nani? Na nani? Na wananchi!"

Watu walishangilia. Alikuwa bado anahema, akiwatazama kwa ushindi, aliposikia mlio mdogo nyuma yake. Pascalia alikuwa ameufunga mlango wa choo kwa nje na kutia kufuli. Ufunguo aliuweka kifuani, mahali ambapo serikali haifiki.

Makhanu alimtazama mkewe, akalitazama kufuli, akamtazama Wekesa aliyekuwa akivaa kofia yake taratibu, na mwishowe akamtazama binti yake. Akaelewa.

"Kwa kuwa umejiunga nasi, Baba," alisema Gentrix, "nina swali moja tu." Hakupandisha sauti wala hakuishusha. "Hii barabara ni ya nani?"

Makhanu alifungua kinywa atoe hoja. Alikuwa nazo nyingi, alizipanga usiku kucha. Alimwona Gentrix amesimama wima mbele ya kijiji kizima, na naibu wa chifu, na wazee, akimngoja baba yake mzazi ajibu bila kupepesa macho. Mtoto huyu ambaye darasani alificha uso kwa aibu yake! Alitaka kumkasirikia. Hasira aliitafuta kila mahali alipozoea kuiweka, akaikosa. Akashusha kidole kilichokuwa bado hewani.

"Ya watu wote," alisema.

"Hatukusikia!" watu wa nyuma walipiga kelele, na hilo lilikuwa jambo ambalo Makhanu hakuwahi kuambiwa tangu kuzaliwa.

"Ya umma!" alinguruma, na kutoka ng'ambo ya kijito mtu akaitikia, "Amina!"

Choo kilibomolewa Jumatatu. Alikibomoa mwenyewe, kwa jembe na kwa heshima, akasema maneno machache juu ya marehemu baba yake na kumwomba radhi kama atakuwa anatazama. Shimo lilijazwa mawe na udongo, kila mtu akileta karai lake.

Tabu ilikuwa siku zile kabla cha pili hakijawa tayari. Choo cha karibu kilikuwa cha Wekesa. Wekesa hakumkataza jirani, hata kidogo, lakini kila Makhanu alipofika mbio mbio alfajiri, amejishika tumbo, alimkuta Wekesa kwenye kigoda chake mlangoni.

"Mulembe, Makhanu. Umeiona migomba yangu?"

"Nimeiona."

"Unaonaje?"

"Ni migomba mizuri, Wekesa. Iko ndani ya shamba lako kabisa. Haijanyakua kitu. Sasa nipishe!"

Mahali pa kuchimba kipya paliamuliwa na umma wa nyumbani, yaani Pascalia. Makhanu alipendekeza karibu na banda la ng'ombe. Pascalia alinyosha kidole upande wa nyuma ya jiko, kura zikapigwa, na Makhanu akaanza kuchimba nyuma ya jiko. Wekesa alikuja kumsaidia kutoa udongo. Huko shimoni, wakipokezana ndoo, alimweleza kwamba ile habari ya mchungaji kuteua gavana aliibuni mwenyewe, Gentrix alimpa za mwaka na kaunti tu. Makhanu alicheka hadi udongo ukamwangukia kichwani.

Kanisani alisimama kama kawaida yake. Aliwatangazia waumini kwamba udaktari wa binti yake umebadilika kidogo, sasa atatibu barabara, na wenye magoti waende kituo cha afya. Kisha akaketi, na hakuna aliyejua kama aitikie au acheke, kwa hiyo wakafanya yote mawili.

Trekta la kwanza lilipita mwezi uliofuata, limejaa miwa, likiyumba. Watoto walilikimbilia kuvuta miwa iliyoning'inia, na dereva, ambaye hakujua chochote kuhusu mambo yaliyotokea pale, alimwona mtu mkubwa mwenye koti jeusi amesimama kando ya njia akimpigia saluti. Akapiga honi kwa adabu.

Jioni ile Makhanu alimkuta Gentrix ameketi mlangoni, vitabu mapajani.

"Kesho tunasoma nini?" aliuliza.

"Kesho usije, Baba. Madam amesema."

"Mimi nimemkosea nini Madam?"

"Hujamkosea. Kesho ni mtihani."

Makhanu alisimama akafikiri. Aliingia ndani, na kwa muda mrefu akasikika akipekua makabati, akiuliza watu wote wa nyumbani ni nani aliyechukua penseli.

"Baba!" aliita Gentrix. "Nimesema ni mtihani! Watu hawazungumzi!"

"Nitakuja," ilijibu sauti ya ndani, na bati la jiko likatetemeka, "kimya kimya."